Mivukuto ya Baba Mkwe

Mwezi uliopita fundi mmoja wa gereji ya Kashaulili, hapa Mpanda, alinisimamisha juani karibu nusu saa ili anieleze habari za turbo. Gari lenyewe lilikuwa mbele yetu, boneti juu, injini ndogo ya petroli ya lita moja na nusu. Moshi unaotoka, alisema, unazungusha feni; feni hiyo inazungusha feni nyingine; na hiyo ya pili inasukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Hewa ikiongezeka, petroli nyingi zaidi inaungua, na gari dogo linapanda mlima kama kubwa. Kisha akaanza kunitajia magonjwa yake: oili ikichelewa kubadilishwa feni inasagika, mpira wa hewa ukipasuka gari linakosa nguvu, ukizima injini ghafla baada ya safari ndefu unaiua taratibu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwambia kwamba injini ya petroli ya kusukumiwa hewa ilikwisha kufika Mpanda tangu miaka ya hamsini, na feni yake nilikuwa mimi.

Alicheka kwa adabu, jinsi watu wanavyomchekea mzee aliyeanza kuchanganya mambo. Basi acha niyaandike, maana sikuchanganya kitu.

Wakati huo nilikuwa kijana wa karakana ya mgodi wa madini ya risasi. Nilikuwa nimesoma misheni mpaka nikaweza kusoma Kiingereza cha kwenye makopo na vitabu vya mashine, na wazungu wa karakana walinifundisha kusaga valvu, kusafisha plagi na kutukana. Nilijiona mtu mkubwa. Mtu mkubwa anahitaji mke, na mimi nilikwisha kumwona niliyemtaka: binti wa mnunuzi mmoja wa nta na asali, msichana mwenye maneno machache na macho ya kumpima mtu kuanzia miguuni.

Tatizo lilikuwa mahari. Sehemu zetu hazikuwa na ng'ombe, mbung'o walikwisha kuwamaliza zamani, kwa hiyo kijana aliyeposa alilipa kwa mikono yake. Alikwenda kwa wakwe, akawalimia, akawajengea, akawachongea mizinga, msimu mmoja au miwili, mpaka siku baba mkwe atamke kwamba imetosha. Neno hilo halikuwa na kipimo chochote. Nilimjua mtu aliyekwenda kwa wakwe na jembe jipya akarudi na mke na mpini mtupu.

Mimi niliepuka jembe, nikadhani nina bahati. Mzee huyo alikuwa amepata gari kutoka kwa mzungu wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao, pikapu ya petroli iliyokwisha kuchoka. Alimtuma mshenga aniletee neno: kwake sitalima hata tuta moja. Nitatibu gari. Na siku gari hilo litakapopanda mlima wa Karema, kule ziwani, na mzigo kamili wa dagaa, bila kusimama na bila kushushwa gunia hata moja, siku hiyo nitachukua mke wangu.

Nilifurahi mno. Nikaomba ruhusa mgodini niwe nakwenda kwa mkwe kila mchana baada ya kazi, na siku za safari niende naye. Nikawaambia wenzangu karakana kwamba nitaoa ndani ya wiki tatu.

Gari lilikuja na kitabu chake cha maelezo. Mzee hakujua Kiingereza, lakini alikihifadhi ndani ya sanduku, kimefungwa kitambaa cheupe, na kila aliponipa nikisome alisimama hapo hapo mpaka nilipomrudishia. Kitabu kilisema injini ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na nguvu za farasi themanini na tano. Farasi hao wangefika kwetu wenyewe, mbung'o wangewaua kabla ya wiki kwisha. Kilisema oili ijae mpaka kwenye alama. Mzee alijaza mpaka ikamwagika, kwa kuwa kumpa mgeni kikombe nusu ni uchoyo. Kilisema petroli isiwe na maji wala takataka; sisi tulikuwa tunaitoa kwenye pipa na kuichuja kwa kofia yake kuukuu. Kilisema rejeta iwekwe maji laini na safi. Yetu tuliijaza kijitoni, na kuna siku nilitoa humo viluwiluwi wawili wakiwa wazima kabisa. Upepo wa tairi kitabu kilitaka upimwe kwa kipimo. Mzee alipima kwa kisigino.

Magonjwa ya kawaida nayo yalikuwa na sura yake nzima, ugonjwa kushoto, sababu kulia. Niliyatafuta ya kwetu na kuyapata yote katika ukurasa mmoja: gari linatoa moshi mweusi, linakunywa petroli kupita kiasi, plagi zinajaa masizi, nguvu hakuna. Sababu, kilisema kitabu, injini inapata petroli nyingi na hewa kidogo.

Nilisafisha plagi. Nikasaga valvu. Nikafungua kabureta mara tatu. Gari lilikwenda vizuri nikilijaribu mwenyewe pale uani, na mzee akiingia tu na kufunga mlango, moshi mweusi. Wiki ya pili ndipo nilipoona.

Kwenye dashibodi kulikuwa na kitufe cha choki, kile kinachovutwa asubuhi injini ikiwa ya baridi, ili kubana hewa na injini inywe petroli zaidi mpaka ipate moto. Ikishapata moto unakirudisha. Baba mkwe alikuwa na mkoba wa turubai, anatunza humo tumbaku yake ya kunusa na vikorokoro vingine, na mkoba lazima utundikwe. Alikuta kitufe kimekaa mahali pazuri. Alikivuta kidogo, ukanda ukapata pa kukaa, akatundika. Injini nzima ya silinda sita ilikuwa imekabwa koo na mfuko wa ugoro.

Mtu wa mahali pengine atauliza kwa nini sikumwambia. Kwetu, kijana anayetumikia mke hamsahihishi baba mkwe. Hagusi kitu chake cha mwilini, na mkoba ni cha mwilini. Haketi kiti anachokalia mkwe, ndiyo maana katika safari zote nilikaa nje, juu ya magunia. Akiwa na la kusema analipitisha kwa mshenga. Nilimwendea mshenga. Alikuwa mzee wa rika moja na mkwe, na tumbaku yake alikuwa anainusa kutoka mkoba ule ule. Alinisikiliza, akapiga chafya, akaniambia kwamba vijana wa mgodini tunajifanya tunajua kila kitu.

Basi kila mzee aliposhuka na mkoba wake nilikirudisha kitufe. Kila alipopanda alikivuta, akatundika. Hakuniuliza kwa nini kitufe kinaingia chenyewe. Alidhani ni ugonjwa mwingine wa gari.

Safari ya kwanza ya Karema tuliwapelekea mapadre wa misheni nta, tukapakia dagaa, na mlimani gari lilikufa kabla ya kona ya pili. Tukashusha magunia, tukayapandisha kwa vichwa. Safari ya pili hivyo hivyo. Safari ya tatu mzee alishuka, akainamisha sikio kwenye boneti kwa muda mrefu, kisha akasema, akiuambia mlima, maana hakuwa anasema nami uso kwa uso:

"Hii injini inakosa pumzi."

Alikuwa amepatia kabisa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Hakusoma neno hata moja la kitabu, na alikuwa amefika mahali kile kitabu kilipofika. Ilibaki ajiulize tu nani ameibana hiyo pumzi. Yeye akaenda njia nyingine.

Alikuwa mtoto wa mhunzi. Baba yake alifua majembe mpaka majembe ya dukani yalipokuja na kumnyang'anya wateja, na kitu pekee kilichobaki cha kiwanda chake kilikuwa mivukuto: mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja na mpini wake wa mti, ya kupeleka upepo motoni kwa zamu kupitia mrija wa udongo. Ilitundikwa ukutani ndani ya nyumba, na kila mwaka mzee aliipaka mafuta ili ngozi isikauke. Tuliporudi Mpanda aliitungua mwenyewe. Mshenga akaja kunieleza: chuma hakiivi bila upepo, na moto wa petroli ni moto kama moto mwingine. Mivukuto ifungwe kwenye gari, na mimi niipige.

Nilisema ndiyo. Ni neno nililolisema sana mwaka ule.

Niliifunga juu ya madigadi ya kushoto kwa kanda za ngozi na waya, nikaondoa bati la pembeni la boneti, nikapitisha mrija mpaka kwenye mdomo wa kabureta. Ili mrija ukae ilibidi nitoe chujio la hewa. Chujio hilo lilikuwa limeziba kwa vumbi la miaka na mabawa ya wadudu, na nakiri sikuwa nimelifungua hata siku moja, kwa kuwa nilikwisha kuamua kwamba ugonjwa ni mkoba. Tulipowasha gari, lilinguruma kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Mimi nilijua ni chujio. Upepo wangu kwa injini ile ulikuwa sawa na mtu kupuliza uji wa jirani. Lakini mzee alikuwa amesimama hapo, mkono kifuani, na uani kulikuwa na watu, na wote walikuwa wameona: mivukuto imepigwa, gari limenguruma.

Safari iliyofuata tulifika nusu ya mlima. Habari ikaenea kuanzia Mpanda hadi Sitalike kwamba kuna mtu ana gari la kuvukutwa. Watu walikuja barabarani kututazama, mimi nimepanda madigadi, miguu nimeipachika kwenye bampa, nikipiga kulia, kushoto, kulia, kushoto, mbu na mavumbi vyote vikiingia mdomoni. Kwenye kizuizi cha mbung'o, askari aliyekuwa akikagua magari kwa wavu ili yasibebe wadudu hao alinizunguka mara mbili.

"Wewe ni abiria au nani?"

"Mimi ni mkwe."

"Nimeuliza unafanya nini hapo."

Sauti ya mzee ikatoka ndani ya gari, bila haraka. "Huyo ni upepo. Tufungulie."

Alitufungulia. Wenzangu wa karakana walipopata habari hiyo hawakuniita tena kwa jina langu.

Tatizo halikuwa kejeli. Tatizo ni kwamba nusu ya mlima ilimtosha mzee kuwa na matumaini, na haikutosha kunipa mke. Kila safari tulikwama mahali pale pale, na kila tulipokwama alimtuma mshenga kuniambia nipige kwa nguvu zaidi. Halafu nikaanza kusikia maneno mengine. Kwamba mzee anawaza: huyu akishaoa na kuhamia kwake, nani atapiga mivukuto? Kadiri nilivyopiga vizuri ndivyo nilivyokuwa wa lazima zaidi pale juu ya madigadi, na binti alizidi kuwa mbali. Mwezi wa nne ukapita, wa tano, wa sita. Kulikuwa na mtu mwingine ameanza kumpelekea mama mkwe samaki wakavu, mfanyabiashara wa Karema mwenye mtumbwi wake, na mtumbwi hauna kabureta.

Mwezi wa saba, mchana mmoja, niko chini ya gari, binti aliniletea uji. Kwa kawaida aliuweka na kuondoka. Siku hiyo alisimama.

"Umekonda," alisema.

"Kazi."

"Gari linaumwa nini hasa? Niambie kweli."

Nilikuwa nimechoka, nikasema kama mtu anayesemea shimoni. "Haliumwi. Mkoba wa baba yako ndio unaoliua." Nikamweleza kitufe, ukanda, hewa, petroli. Nilimweleza vibaya, kwa haraka, nikiwa na hakika haelewi.

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Alichukua bakuli kabla sijamaliza uji, akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa siku ya safari. Nilifika nikakuta mzee amenuna. Binti yake alikuwa ameamka mapema, akautazama mkoba, akasema baba hawezi kwenda mbele ya mapadre wa Karema na kitu kinachonuka vile, akaufua. Sasa ulikuwa kwenye kamba ukichuruzika maji. Mzee alitia tumbaku kwenye mfuko wa shati, akapanda, akakosa cha kutundika. Kitufe kikabaki pale nilipokirudisha jana yake, bila mtu wa kukivuta.

Sijawahi kusikia gari likienda vile. Kuteremka Karema halikukohoa hata mara moja. Tulipakia dagaa, magunia yote, mzigo kamili. Mguuni mwa mlima mzee alitoa mkono dirishani na kunipa ishara ya kuanza.

Hapo ningeweza kuacha. Gari halikuhitaji hata pumzi moja kutoka kwangu. Lakini mzee alikuwa ananitazama kupitia kioo, na mimi nilikuwa na miezi saba ya kusema ndiyo. Nikapiga. Tukapita kona ya kwanza, ya pili, tukapita mahali tulipozoea kukwama. Mzee alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ambayo sasa ilikuwa na hewa yake ya kutosha ilipata na ya kwangu juu yake, petroli ikapungua ndani, ikakohoa, na kabureta ikatema ulimi wa moto nje kupitia mrija. Ngozi za mbuzi zilizopakwa mafuta kwa miaka zilishika mara moja.

Nilipiga kelele. Mzee aliona moto, nami nikamwona akiuona. Akisimama, gari halitapanda tena na mzigo ule. Akiendelea, mivukuto ya baba yake itaungua. Aliendelea. Nikakata zile kanda kwa kisu na kuisukuma mivukuto kwa miguu mpaka waya ukakatika, ikaanguka barabarani nyuma yetu, na gari, likiwa limepata nafuu ya kuondokewa na upepo wangu, likapanda mpaka juu bila kushushwa gunia.

Kule juu alizima injini, akashuka, akarudi chini kwa miguu. Alikaa muda. Alirejea na mipini miwili ya mti iliyoungua ncha, ameibeba kwa mikono yote miwili. Nilijisikia mwizi. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni na kusema nami moja kwa moja.

"Umeona. Imekwisha kujifunza kupumua."

"Ndiyo, baba."

"Baba yangu alisema mivukuto inafundisha chuma." Akaiweka ile mipini juu ya magunia. "Imetosha. Mchukue mwenzio."

Arusi ilikuwa kubwa. Mzee alisimama akaeleza jinsi urithi wa baba yake ulivyoishinda injini ya mzungu, watu wakapiga vigelegele. Mshenga akasimama akanisifu kwa mikono yangu yenye nguvu na heshima yangu kwa wakwe, nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Nilikula wali wa mchele wa Mpimbwe mpaka nikashindwa kuinuka.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwetu mke wangu alikaa mlangoni anapepeta mchele. Mimi nilikuwa na furaha, na mwanamume mwenye furaha husema sana. Nikamsimulia upya kisa chote, nikijipamba, nikafika pale nilipogundua ugonjwa wa gari kwa akili yangu mwenyewe, wiki ya pili tu.

Ungo ukasimama.

"Wiki ya pili?"

"Ya pili."

"Na mimi umeniambia mwezi wa saba."

Nikamweleza heshima ya wakwe. Nikamweleza kwamba mkwe hasahihishwi, na kwamba mshenga alikataa. Aliniacha nikamaliza.

"Baba alikuwa mkwe wako," alisema. "Mimi nilikuwa nani?"

"Yalikuwa mambo ya ufundi," nikajibu. Hadi leo natamani ningenyamaza.

Hakupandisha sauti. Alisema ile miezi aliihesabu yeye na mama yake, mmoja mmoja. Alisema wasichana aliocheza nao wote walikuwa na watoto mgongoni, na samaki wa yule wa Karema walikuwa wakiliwa nyumbani mwao, na yeye alikuwa akiwapika, akisubiri mtu wa kusoma vitabu amalize kuheshimu. Aliuliza siku moja, alisema, na siku ya pili akafua.

Alisimama, akanikabidhi ungo na mchele uliobaki, akaenda kuteka maji. Mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wanapita kwenda sokoni, wanaume kwa wanawake. Nikapepeta.